Kompyuta Haichoki

 

Nianze na mama mmoja wa Tanga. Alikuwa na duka la dawa, kaunta moja na kompyuta moja, na mimi ndiye niliyemwandikia programu ya kutunza hesabu: dawa iliyoingia, iliyouzwa, inayokaribia kuisha muda wake. Kompyuta ile ilizimwa Jumapili tu. Siku nyingine, duka likifungwa usiku, mama alifunika kioo kwa kitambaa na kwenda zake. Jumatatu programu ilikuwa nyepesi; unaandika jina la dawa, idadi inajitokeza hapo hapo. Ikifika Alhamisi, simu yangu inalia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Imekuwa nzito tena."

"Zima, halafu washa."

Anazima, anawasha, mambo yananyooka, tunaagana. Tulikwenda hivyo miezi minne. Siku moja akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli: "Kwani mwanangu, mashine nayo inachoka?" Nikamjibu ndiyo mama, kompyuta zote ziko hivyo.

Jibu lile halikuwa kweli. Kompyuta haichoki. Haina misuli wala mgongo, na hesabu ya Alhamisi haiielemei kuliko hesabu ile ile ya Jumatatu. Ukiona programu inaanza wiki ikikimbia na kumaliza wiki ikijikokota, jua kuna kitu inakichukua na haikirudishi. Na hakuna programu inayojiandika yenyewe. Kuna mtu aliyeiandika hivyo, na kwa yule mama mtu huyo nilikuwa mimi.

Jambo hili la kurudisha ndilo ninalotaka tulizungumze jioni hii, maana vijana wetu wengi sasa wanaandika programu za maduka, za zahanati, za shule, za vyama vya kuweka na kukopa, na sisikii likizungumzwa kwa uzito unaostahili.

Fikiria shughuli ya mtaani, harusi au hitima. Hakuna nyumba yenye masufuria ya kupikia watu mia tatu. Kinachofanyika kinajulikana: anatumwa mtoto kwa jirani huyu akaombe sufuria kubwa, kwa yule sinia, kwa mwingine majamvi na viti. Kila sufuria ina alama yake chini, herufi za rangi au mkwaruzo wa msumari, ili isipotee. Shughuli ikiisha vinaoshwa na kurudishwa, kila kimoja kwa mwenyewe. Mtaa unaishi kwa mzunguko huo. Vyombo ni vile vile, shughuli ni nyingi.

Kumbukumbu ya kompyuta, namaanisha ile ya kufanyia kazi, inayofutika umeme ukikatika, ndiyo masufuria ya mtaa. Programu ikitaka kufanya jambo lolote, kuonyesha picha, kupanga majina, kufungua ukurasa, inaomba nafasi kwa mfumo endeshi, ambao ndio wenye orodha ya nani ameazima nini. Inapewa. Ikimaliza, inapaswa kusema: nimemaliza, chukueni. Katika lugha ya C, iliyotengenezwa pale Bell Labs, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na ambayo hadi leo imebeba sehemu kubwa ya programu za dunia, kuomba kuna amri yake na kurudisha kuna amri yake. Amri ya kuomba hakuna anayeisahau, kwa sababu usipoomba programu haiendi. Ya kurudisha husahaulika, kwa sababu usiporudisha programu inaendelea kama kawaida. Leo inaendelea. Kesho pia inaendelea.

Wenzetu wa kazi hii huita kosa hilo kuvuja kwa kumbukumbu. Neno hilo linanitatiza kidogo. Maji yakivuja yanatoka nje, unayaona sakafuni. Kumbukumbu hii haijatoka popote. Imo ndani, imeshikwa na programu isiyoitumia tena na ambayo mara nyingi haikumbuki hata kwamba inayo. Mimi naiona kama kuku anayeatamia mayai viza. Kiota kimejaa, kuku hainuki, na kifaranga hakuna.

Kwenye programu yangu ya duka la dawa, kosa lilikuwa dogo kiasi cha aibu. Kila muuzaji alipotafuta dawa, programu ilifungua dirisha lenye orodha ya majibu. Alipolifunga, sikuliondoa, nililificha tu lisionekane. Muuzaji akitafuta mara mia mbili kwa siku, jioni kuna madirisha mia mbili yaliyofichwa, kila moja na orodha yake nzima mkononi. Kufika Alhamisi kompyuta ilikuwa imebeba mtaa mzima wa madirisha ambayo hakuna jicho lililokuwa likiyatazama.

Pale gharama ilikuwa uzito na foleni ya wagonjwa kaunta. Mahali pengine gharama ilikuwa kubwa zaidi, na hapa nakuomba unisikilize kwa makini, kwa sababu kisa hiki kila anayeandika programu anapaswa kukijua.

Mwaka 1992, huduma ya magari ya wagonjwa ya jiji la London ilikuwa inahudumia eneo la zaidi kidogo ya maili za mraba 600, lenye wakazi wapatao milioni 6.8. Kwa siku ilipokea simu kati ya 2,000 na 2,500, na katika hizo, kati ya 1,300 na 1,600 zilikuwa za dharura. Kazi ya kuchagua gari gani liende wapi ilikuwa ikifanywa kwa karatasi na vichwa vya watu. Ikaamuliwa ifanywe na kompyuta. Tarehe 26 Oktoba 1992, asubuhi, mfumo mpya ukawashwa kwa jiji zima.

Siku mbili za kwanza zilikuwa za fadhaa. Mfumo haukujua magari yako wapi hasa, ulituma mawili penye haja ya moja, ujumbe wa tahadhari ulijazana kwenye vioo hadi wa zamani ukasukumwa nje ya macho, na watu waliokuwa wakisubiri gari wakapiga simu tena na tena, kila simu ikiongeza mzigo. Mchana wa tarehe 27 wakaamua kurudi nusu kwa njia ya zamani: kompyuta ipokee na kuchapisha, watu waamue. Mkuu wa huduma akajiuzulu. Hadithi inayosimuliwa sana huishia hapo, na ina mafunzo yake, ila si yetu leo.

Yetu ni ya juma lililofuata. Mambo yalikuwa yametulia. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Novemba, muda mfupi baada ya saa nane, mfumo ukaanza kupunguza mwendo. Ukapungua zaidi. Kisha ukaganda kabisa. Wafanyakazi wakafanya walichoelekezwa siku zote: zima, washa. Wakazima vituo vyao vya kazi, wakaviwasha. Haikusaidia kitu. Simu zilizokuwa zimeshaingia hazikuweza kuchapishwa, yaani kulikuwa na watu waliokwishaeleza shida yao na anwani yao, na maelezo hayo yamekwama ndani ya mashine. Ikabidi wasikilize upya kanda za sauti za simu zile ili wajue nani aliomba gari, kisha wakarudi moja kwa moja kwenye karatasi na simu ya sauti. Seva ya akiba, yaani kompyuta kuu ya pili, ilikuwapo, lakini haikuwa imeandaliwa kushika kazi katika hali ile ya nusu karatasi nusu kompyuta.

Tume ya uchunguzi ilitoa ripoti yake Februari 1993. Kuhusu usiku ule, maelezo yake ni mafupi na mazito. Majuma kama matatu kabla, mwandishi mmoja wa programu alifanya marekebisho fulani kwenye mfumo, na akaacha humo kipande cha maelekezo ambacho, kila gari moja lilipotumwa, kilichukua kumbukumbu kidogo kwenye seva na hakikuirudisha. Gari moja, kidogo. Gari jingine, kidogo. Kwa majuma matatu, usiku na mchana. Usiku ule hapakuwa na chochote cha kuchukua tena.

Tume haikusema ni bahati mbaya. Ilisema kosa lile halikupaswa kutokea, na kwamba lilitokana na uzembe na kutokuwapo kwa utaratibu wa kukagua marekebisho yanayoingizwa kwenye programu.

Mimi husimama kwenye jambo moja katika kisa hiki. Kila gari lililotumwa lilikuwa ni kazi njema imefanyika: mgonjwa amesikika, gari limekwenda. Na kila kazi njema ilikuwa inasogeza kuanguka kwa mfumo hatua moja mbele. Kosa la namna hii halisababishwi na matumizi mabaya. Linakula kadiri programu inavyotumika vizuri. Ndiyo maana majaribio ya dakika kumi mezani hayalioni. Unajaribu kutuma magari matano, yanakwenda yote matano, unapiga makofi, unakabidhi kazi. Kinachohitajika ni kuiacha programu ifanye kazi siku nyingi mfululizo huku umekaa na kalamu ukiandika, kila saa, imeshika kumbukumbu kiasi gani. Mstari wa hesabu hizo ukipanda na kushuka, ni uzima. Ukipanda tu, hata kama unapanda taratibu kama kivuli cha jioni, una kosa.

Kuna atakayeniambia: mzee, mambo hayo ni ya zamani, lugha za siku hizi zinajikusanyia zenyewe. Ni kweli, na wala si jambo la siku hizi. John McCarthy, aliyebuni lugha ya Lisp kule MIT mwishoni mwa miaka ya 1950, ndiye aliyeleta wazo hilo: programu yenyewe iwe na mkusanyaji, apite kila baada ya muda atazame nafasi zipi hazina anayezishika, azirudishe. Java, Python na JavaScript zote zinaishi kwa mkusanyaji wa namna hiyo. Ni kama yule shangazi kwenye shughuli anayepita katikati ya wageni akiokota sahani zilizomalizwa. Anasaidia sana. Lakini mkusanyaji huyu ana adabu yake: hachukui sahani iliyo mkononi mwa mtu, hata kama ni tupu. Wewe mwandishi ukiendelea kuishika, umeliweka jina lake kwenye orodha fulani uliyoisahau, yeye anapita na kukuacha. Madirisha yangu ya duka la dawa niliyaandika kwa lugha yenye mkusanyaji. Alikuwa akipita siku zote, na siku zote aliona yameshikwa.

Isitoshe, yeye anaokota kumbukumbu. Haokoti kila kilichoazimwa. Programu huazima na vingine: faili lililofunguliwa, mlango wa mtandao, kiti kwenye hifadhidata. PostgreSQL, hifadhidata inayotumika sana na vijana wetu kwa kuwa ni ya bure na ni nzuri, kwa mpangilio wake wa kawaida hukubali viunganisho 100 kwa wakati mmoja. Programu inayofungua kiunganisho kila mteja anapokuja na haikifungi anapoondoka itafanya kazi vizuri kwa wateja wa asubuhi. Mchana mtu anafika dirishani na kitabu chake cha akiba, karani anabonyeza, na mashine inakataa kwa sababu viti vyote vimekaliwa na watu waliokwenda nyumbani zamani.

Kabla sijaendelea, niondoe dhana moja iliyoenea kwenye simu. Wengi wetu tuna mazoea ya kufungua orodha ya programu zilizotumika na kuzipeperusha zote, tukiamini tunaipumzisha simu. Mara nyingi hupumzishi kitu. Simu janja huzigandisha programu usizozitazama na kuziacha kwenye kumbukumbu kwa makusudi, ili ukizirudia zifunguke haraka. Nafasi ikihitajika, yenyewe inaziondoa. Ukizipeperusha kila mara, unailazimisha ianze upya kila mara, na hapo ndipo betri inaliwa. Kumbukumbu tupu haina sifa yoyote. Sufuria ikikaa stoo haijamfaa mtu. Tunachokataa ni kushikilia kisichotumika wakati mwingine anakihitaji.

Sasa tuje kwenye kufunga programu, yaani kurudisha kwa mara ya mwisho.

Duka la mangi halifungwi kwa kuzima taa. Wateja waliomo wanamaliziwa, mlango unarudishwa nusu, fedha zinahesabiwa, madeni yanaandikwa daftarini, mizani inafunikwa, ndipo taa na kufuli. Mpangilio huo una sababu. Ukitanguliza taa, hesabu utaifanyia gizani. Programu nayo inafunga kwa kurudi nyuma, kinyume cha ilivyofungua: kwanza haipokei kazi mpya, kisha inamaliza zilizo mkononi, inaandika kilichobaki kwenye diski, inawaaga iliokuwa ikizungumza nao mtandaoni, inafunga mafaili, inaondoka.

Mifumo ya ukoo wa Unix, Linux ikiwamo, ina ishara mbili mashuhuri za kuiondoa programu. Namba 15 ni ombi: tafadhali maliza shughuli zako utoke. Programu inaisikia na inaweza kujipanga. Namba 9 haisikiki kabisa. Programu inakatwa ilipo, neno nusu mdomoni. Unapozima kompyuta ya Linux kwa utaratibu, mfumo hutuma 15 kwanza, hungoja, kwa kawaida hadi sekunde 90, na anayekaidi ndiye anayepelekewa 9. Naona mafundi vijana wanaanza na 9 kwa kuwa ni ya haraka. Nawasihi waiache. Na naona waandishi wa programu wasioandika hata mstari mmoja wa kuipokea 15. Programu zao ombi likija hufa papo hapo kama zilizopigwa 9, kwa sababu hakuna aliyezifundisha la kufanya.

Hapa pana ubishi wa siku nyingi kati ya waandishi, na nitautolea hukumu yangu. Wapo wanaosema programu inapoondoka irudishe kila chembe ya kumbukumbu kabla ya kutoka. Wapo wanaosema hakuna haja, kwa kuwa mfumo endeshi huchukua kumbukumbu yote ya programu iliyokufa bila kuuliza. Wa pili wana haki, kwa kumbukumbu. Shughuli ikivunjika majirani watakuja wenyewe kuchukua masufuria yao, alama zipo. Lakini kama mtu alikupa barua ukampelekee mwenzake, na bado imo mfukoni mwako, hakuna jirani atakayeijua. Data ambayo bado haijafika diskini, malipo yaliyotoka upande mmoja na hayajaingia upande wa pili, faili la muda lililoachwa kama kufuli kwenye mlango wa chumba kisicho na mtu: hayo mfumo endeshi hauyajui na hautayamaliza kwa niaba yako. Hapo ndipo sekunde za mwisho za programu zinapopaswa kutumika.

Wa umri wangu watakumbuka Windows 95. Unaiamuru kompyuta ijizime, inahangaika kidogo, halafu kioo kinakuwa cheusi na kunatokea maandishi ya rangi ya chungwa yakikuambia kwamba sasa ni salama kuzima. Ndipo unabonyeza swichi kwa mkono wako. Niliyapenda maandishi yale. Yalimfundisha kila mtumiaji, hata asiyejua lolote, kwamba kati ya kutaka kuzima na kuzima kuna kazi inayofanyika. Leo mashine zinajizima zenyewe na somo limepotea. Watu wanachomoa flashi pale pale mstari wa kunakili unapofika mwisho, wakati kompyuta huweza kuwa bado imeshika sehemu ya data kwenye kumbukumbu ikisubiri nafasi ya kuiandika. Kwenye maduka ya kuchapisha karibu na vyuo utawaona wanafunzi wameshika vichwa, kazi ya muhula haifunguki.

Lakini msikilizaji, tunaishi tunakoishi. Umeme hauagi. Jioni moja kule Tanga ulikatika saa kumi na mbili kasorobo, duka limejaa, na programu yangu ilikuwa na tabia nyingine mbaya niliyoiona kuwa ni ya kistadi: ilikusanya mauzo ya siku kwenye kumbukumbu na kuyaandika diskini mara moja tu, duka linapofungwa. Siku nzima ikapotea. Mama yule alikaa na mshumaa na vitabu vya risiti, akaandika upya mauzo yote kwa mkono hadi usiku wa manane. Asubuhi hakunigombeza. Alinionyesha tu lile daftari.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kufunga vizuri hakuanzi wakati wa kufunga. Programu iliyoandikwa kwa ajili ya nchi zetu iandikwe kana kwamba hautakuwapo muda wa kuaga. Njia inajulikana, na ni ile ile ya daftari la dukani: kabla ya kugusa hesabu yenyewe, andika kwanza pembeni unachotaka kufanya, hakikisha maandishi yamefika diskini, ndipo ufanye. Umeme ukikatika katikati, ukiwaka unasoma pembeni pale na kujua ulipofikia. Unamalizia au unafuta. PostgreSQL inafanya hivyo. SQLite, ile hifadhidata ndogo iliyomo karibu katika kila simu janja, ina daftari la namna hiyo. Ni kazi iliyokwisha kufanywa na watu hodari, nawe unapewa bure. Mimi nilikuwa nayo kwenye kompyuta ile ile na sikuitumia.

Waliokwenda mwezini walilijua hili mapema. Tarehe 20 Julai 1969, chombo cha Apollo 11 kikishuka, kompyuta yake ilitoa kengele namba 1202, na baadaye 1201. Maana yake ni kwamba sehemu za kumbukumbu za kufanyia kazi zilikuwa zimekwisha: rada moja ilikuwa ikiiba muda wa kompyuta, kazi hazikumalizika kwa wakati, na zisipomalizika hazirudishi nafasi zao. Kumbukumbu yote inayoandikika ilikuwa maneno 2,048 tu. Kompyuta ile ilifanya nini? Ilijianzisha upya, ikatupa kazi zisizo za lazima, ikaendelea na zile za kushusha chombo pale pale zilipokuwa, kwa kuwa walioziandika walikuwa wamehifadhi hatua kwa hatua kila kilichohitajika ili kurudi. Kule nako ilikuwa zima-washa. Tofauti na yangu ni kwamba ile ilipangwa tangu mwanzo na watu waliojua nini kitapotea na nini kitabaki.

Na zipo mashine zilizokosa hata njia ya kulala. Januari 2004 gari la utafiti la Spirit lilitua kwenye sayari ya Mirihi baada ya safari ya miezi saba. Tarehe 21 mwezi huo likaacha kujibu ipasavyo. Lilikuwa na megabaiti 256 za kuhifadhia mafaili na megabaiti 128 za kufanyia kazi. Mafaili yalikuwa yamelundikana tangu safarini, na kila kompyuta ilipowaka ilijaribu kuiweka orodha yake yote kwenye kumbukumbu ya kazi. Orodha haikutosha. Kompyuta ikajianzisha upya, ikajaribu tena, ikashindwa tena, zaidi ya mara 60. Usiku, ilipopaswa kuzima ili betri ipumzike, haikuzimika. Gari likawa linakesha kwenye baridi ya Mirihi, betri ikiisha. Wahandisi wake, wakiwa Pasadena, California, waliliokoa kwa kulipelekea amri liwake bila kugusa hifadhi ile, kisha wakafuta mafaili yaliyozidi na kuisafisha. Spirit, lililotarajiwa kufanya kazi siku 90 za Mirihi, liliendelea kuwasiliana na dunia hadi Machi 2010. Kilichokaribia kuliua ni vitu vya zamani ambavyo hakuna aliyekuwa amepangiwa kuvitoa.

Programu ya mama wa Tanga niliiandika upya kwa majuma mawili. Dirisha likifungwa linaondoka kweli. Kila mauzo yanaandikwa diskini hapo hapo, mteja akiwa bado kaunta. Nilikwenda mwenyewe kuiweka, na nikamwambia wazi kwamba mashine yake haikuwahi kuchoka, kosa lilikuwa langu. Akaniambia, "Basi mwanangu, ungesema tangu zamani nisingekuwa naisingizia."

Nakuomba wewe kijana uliye na kompyuta mapajani usiku huu ukimaliziamalizia kazi ya zahanati ya kata au chama cha akiba: usiikabidhi kesho. Iwashe, ipe kazi ya siku nzima kila siku, andika kila jioni imeshika kumbukumbu kiasi gani, ichomoe kwenye umeme katikati ya mauzo uone itaamka na nini. Kosa la London lilijificha majuma matatu. Wewe ngoja manne.